Mke wa Bucumi na Kiingereza Changu

Jumatatu, 3 Machi 1997
Kazi! Shirika moja la wakimbizi hapo Kigoma mjini linatafuta mkalimani. Asikie Kirundi, aseme Kiingereza. Kirundi hakinisumbui, ni ndugu wa Kiha, na Kiha nimekipata kwa bibi. Kiingereza ninacho. Ujiji nzima inajua kwamba mimi, Abdulmajid, ndiye ninayewafafanulia watu filamu kwenye kibanda cha video cha Zubery. Jambazi hajafunga mdomo, mimi nimeshatafsiri.

Dada Saumu kauliza nani sasa atambebea dagaa kutoka Katonga. Nimemjibu kwamba ofisa habebi dagaa. Kacheka mpaka kakaa chini.

Habari mbaya: Feliksi naye anaitaka. Mwalimu wa Mwandiga, shati limenyooshwa pasi hata Jumapili. Simpendi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwambia Feliksi kwamba usaili umehamishiwa Katonga, mwaloni kwa wavuvi. Kaenda! Na viatu vyake vyeusi, katikati ya wauza samaki wa migebuka!

Mimi nimeingia peke yangu. Mzungu mwenyewe, Madam Karin, kauliza naweza kuanza lini. Nikamjibu "Now, boss!" kama yule jambazi mwenye jicho moja. Kanichukua kwa majaribio.

Alhamisi, 6 Machi
Mteja wa kwanza. Mzee Bucumi, mkulima kutoka Burundi. Alivuka ziwa Januari na mkewe, Gloriose. Mitumbwi miwili, kila mmoja na wake. Dhoruba ikawatenganisha. Yeye kafika Kigoma, mke hajulikani alipo. Kaeleza haya huku anapangusa macho kwa kofia. Wamepata maafa mengi, kasema, na mkewe amepotea. Anaomba atafutiwe.

Maafa sikuwa na neno lake. Nikalikumbuka neno moja zito la kwenye filamu, likitajwa kila mtu anakuwa na huzuni: "crimes". Kupotea nikakukumbuka vizuri kabisa: "loose". Basi nikasema: "Many crimes. His wife is loose."

Madam akaacha kuandika. "Loose?"

"Very loose, madam. Since January!"

Akataka kujua kama mzee bado anamhitaji mke huyo. Swali la ajabu, lakini nikamuuliza. Mzee akanishika mkono. "Mwanangu, hilo nalo ni la kuuliza?"

Madam kaliweka faili lake mbali na mengine. Nimerudi Ujiji kifua mbele.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwisha.

Polisi wamemchukua Mzee Bucumi. Wanamhoji kuhusu aliyoyatenda huko Burundi. Kazi ya kumtafuta mkewe imesimamishwa.

Jioni Feliksi kaja. Nilidhani ni kwa ajili ya Katonga. Hapana, habari za mzee zimemfikia. Kauliza nilitumia maneno gani. Nikamtajia. Kaniambia taratibu, kama anamfundisha mtoto wa darasa la pili. "Loose" ni mwanamke asiyetulia, leo na huyu, kesho na yule. Aliyepotea ni "lost". Na "crimes" ni uhalifu.

"Umemwambia Mzungu kwamba mzee wa watu ni mhalifu na mkewe ni malaya."

Nikauliza maafa ni nini basi. Kasema "misfortune". Sijawahi kulisikia! Kwenye filamu hakuna anayepatwa na mabaya, watu wanayatenda tu. Lawama ni ya watengeneza filamu.

Feliksi kanisihi twende pamoja kwa Madam tukarekebishe. Twende nifukuzwe? Nimemwambia nitalimaliza mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepata dawa! Gloriose akipatikana, hakuna tena kesi. Na mwanamke wa kuwa Gloriose yupo: Eufrasia, muuza mawese, Muha, mpole, umri unafaa. Jumatatu atakuja ofisini, atataja jina, kisha atanyamaza. Nimemwahidi blanketi la shirika. Kauliza huyo mume je? Nimemwambia mume ataelewa.

Jumatatu, 10 Machi
Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu usingizi hauji.

Polisi walimleta mzee ofisini. Nikamwambia mkewe yupo nje. Aliinuka ghafla mpaka kiti kikaanguka. Akatoka mikono wazi, anaita jina lake. Eufrasia akageuka.

Mikono ikabaki hewani. Hakufoka. "Huyu siye," kasema, halafu akakaa kwenye ngazi na kufunika uso kwa kofia.

Madam akaniuliza kasemaje. Kichwa kitupu! Neno lililokuja ni moja: "No good." Basi Madam akaelewa kwamba mzee anamkataa mkewe.

Eufrasia ndiye aliyevunja mambo. Akaangua kilio, akasema yeye si Gloriose wa mtu, anauza mawese, na blanketi nimpe mwingine. Feliksi alikuwa getini, kaja kumwombea mzee. Akaitwa ndani, akamweleza Madam kila kitu kwa Kiingereza kinachoteleza. Mzee kaachiwa. Mimi nimefukuzwa.

Jumanne, 25 Machi
Feliksi anavaa kitambulisho shingoni. Jina la Gloriose lilipelekwa vijiji vyote vya mwambao, na kapatikana Ilagala, anaanika dagaa kwa familia iliyomwopoa majini. Leo kaletwa. Nilikwenda kuchungulia.

Mzee hakukimbia safari hii. Alisimama mbali, akamtazama usoni, akamtazama tena, kama mtu anayeogopa kudanganywa. Mke ndiye aliyemfuata. Mzee akamgusa bega, akamgusa shavu, ndipo akamwita jina lake.

Nilikuwa nageuka niondoke, Gloriose akanifikia; kumbe kashasimuliwa yote na kaonyeshwa nilipo. "Ni wewe uliyesema mimi malaya?"

Nikamwambia ilikuwa bahati mbaya, mama.

"Mimi nilipotea ziwani," kasema. "Wewe umepotea nchi kavu."

Nimetembea mpaka Ujiji bila kumsalimia mtu. Saumu kaniwekea ugali na mgebuka. Nimemrudishia sahani.

Alhamisi, 27 Machi
Kazi! Watu kutoka Zaire wanazidi kuingia, na shirika jingine linatafuta mkalimani wa Kifaransa. Kifaransa nimekua nacho! Nyimbo za bendi za Kinshasa naziimba mwanzo hadi mwisho, pamoja na pale wanapopiga kelele katikati. Saumu anadai zile zimeimbwa kwa Kilingala. Nimemwambia mambo ya lugha aniachie mimi.

Tena maneno ya nyimbo hizo karibu yote ni ya mapenzi. Safari hii hata nikikosea, polisi watamkamata nani?