Firigisi ya Brigedia

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Ijumaa naenda Kajiado kuhojiwa! Mtunza stoo, mradi mpya wa maji. Na kazi inakuja na nyumba ya vyumba viwili. Nimempigia Lorine huko Butere kwa simu ya kibandani. Amesema siku nitakayopewa ufunguo wa hiyo nyumba, yeye na mtoto watapanda basi jioni hiyo hiyo. Akaongeza kwamba nikimtajia tena chumba kimoja chenye mifuko ya simiti chini ya kitanda, nisimpigie kabisa. Ana ukali wake, lakini moyo unaniuma. Mtoto ananijua kwa sauti na picha tu.

Tatizo ni pua. Vumbi la Kitengela mwezi wa nane halina huruma, nami nauza simiti kwenye hadiwea ya Hilowle. Napiga chafya mpaka wateja wanarudi nyuma. Siwezi kuwapigia wakubwa wa Kajiado chafya usoni! Nimekwenda kwa Hamda wa duka la dawa, akanipa vidonge vidogo vya manjano vya aleji. Akanionya kwamba vinalegeza mwili na kuleta usingizi. Nimeze kimoja jioni, nisipande ngazi, nisishike mashine. Nikamwambia mwanamume wa Butere haangushwi na kitu kidogo kama dengu.

Amenitazama tu. Hajui watu.

Jumanne, 5 Agosti

Siamini! Hata sasa siamini!

Nilimeza viwili asubuhi ili pua ikauke haraka. Ikakauka. Nikaanza kumpimia mteja misumari. Mara mikono ikawa mizito, miguu ikakataa amri, na mizani nikaiona iko mbali sana. Kilichofuata sikijui. Nimeamkia juu ya simiti, nimefunikwa turubai, wateja wanatoa mifuko pande zote mbili kwa upole kama watu walio matangani. Hilowle alikuwa amenisimamia kichwani. "Wakhungu, wewe iko hai ama niite watu?" Kisha akasema kwao Wajir ameona ngamia mgonjwa akifanya kazi kunishinda. Siku nzima imepotea! Kwa vidonge viwili!

Jioni, pigo la pili. Ondiek, jirani yangu hapa ploti, ambaye tunatenganishwa na mabati tu, ameitwa mahojiano yale yale! Kazi ile ile! Nyumba ile ile! Ameniambia huku akicheka, akanipiga mgongoni, eti twende pamoja kama ndugu. Nikamuuliza kwa ujanja ataamkaje alfajiri. Akasema, "Omera, mimi niko na Brigedia. Saa ya nini?"

Brigedia ni jogoo wake. Anawika akiona taa, anawika akisikia lori la mawe, anawika mtu akikohoa. Sijalala vizuri tangu aletwe hapa.

Nimekaa kitandani nikitazama vile vidonge. Brigedia akisinzia, mimi nalala, Ondiek anachelewa. Sijui akili hii nimeirithi kwa nani.

Jumatano, 6 Agosti

Jaribio la kwanza. Nimefinyanga tonge la ugali, nikaficha kidonge ndani, nikalirusha kupitia tundu la mabati. Brigedia amekula ugali wote, kidonge akakiacha. Akaniangalia! Kuku mwingine, mtetea mweusi wa Achola, mke wa Ondiek, akakidaka na kukimeza.

Muda si muda mtetea amejikalisha ndani ya karai kuukuu. Macho nusu. Hataki mahindi, hataki kufukuzana na wenzake. Nikajua nimeua. Achola akatoka, akamwona, akapiga vigelegele! Eti huyu ndiye aliyegoma kuatamia tangu Pasaka, na leo amekubali mwenyewe. Akamsogezea mayai chini ya tumbo, yote aliyokuwa nayo. Mtetea hakupinga. Achola ameniita nije nione Mungu anavyojibu maombi. Nimekuja. Nimesema amina.

Angalau nimejua kwamba dawa inaingia kuku.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeomba ruhusa ya leo na kesho. Hilowle amenipa kabla sijamaliza kuomba, na hilo limenikera kidogo.

Leo sikubahatisha. Jogoo hudonoa ugali, lakini omena, wale dagaa wa ziwani, humeza mzima. Nimewapasua omena matumbo, nikawapakia vidonge vyote vilivyobaki, nikarusha. Brigedia akafagia! Sikusubiri sana. Akasimama katikati ya uwanja, mabawa yameteremka, mdomo umegusa udongo. Lori likapita. Kimya! Mbwa akapita. Brigedia akamwangalia kama mpangaji mwenzake. Nikaingia ndani nikacheza peke yangu.

Ndipo Achola akapiga yowe. Brigedia anakufa! Ule ugonjwa uliofagia kuku wa ploti ya Wanjira umefika kwetu! Nilipotoka, Ondiek alikuwa tayari na kisu mkononi. Mimi, niliyelelewa katikati ya kuku, nilisahau jambo analolijua hata mtoto wa kwetu: kuku mgonjwa haachwi afe mwenyewe. Ningesema nini? Kwamba amelala tu, mwacheni? Wangeniuliza nimejuaje. Jogoo mwenyewe hata hakupigana. Alienda kama anayesindikizwa kitandani.

Walinialika. Nikasema nimeshiba. Achola akasema, "Shem, kesho mnaenda vita moja, mtalala na njaa?" Kukataa ningefanyaje? Nikajipanga kula mchuzi tu. Lakini Ondiek akachukua firigisi kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka kwenye sahani yangu. Firigisi! Kwao kama kwetu, hiyo ni ya mwenye nyumba na haiguswi na mtu mwingine. Wapo wanaume waliowarudisha wake zao kwa wazazi kwa sababu ya firigisi. Akasema yeye amekula nyingi maishani, na kesho mimi nina mke na mtoto wa kupigania, kwa hiyo nile nipate nguvu. Macho yake yalilowa. Siyapendi macho ya namna hiyo.

Nikauma. Chungu! Chungu hadi masikioni! Achola akasema pole, alimpasua kwa pupa akasuuza juu juu tu, labda nyongo imepasuka. Nyongo gani! Niliitambua ile ladha. Ondiek ananitazama, Achola ananitazama, wote wanatabasamu. Ukitema firigisi mbele ya aliyekupa, umemtemea yeye. Nikameza. Yote.

Nimekunywa kahawa ya tangawizi, nimenawa uso kwa maji ya tangi. Niko macho kabisa. Nimewashinda. Naona kalamu inakuwa nz

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika kwa taabu. Kila herufi naiinua kama jiwe.

Ondiek hakuchelewa! Alikesha! Jogoo hayupo, akaogopa tutapitiliza wote wawili, akakaa macho akisikiliza redio. Ndiye aliyenigongea mlango. Aligonga hadi akalazimika kuuinua kwenye bawaba. Akanivalisha viatu. Kajiado nilifika nimeegemea bega lake.

Kwenye benchi nje ya ofisi nililala. Jina langu likaitwa, Ondiek akajibu kwa niaba yangu, akawaambia ndugu yake amekula kitu kibaya jana, wamweke mwisho ili apumzike. Wakakubali. Hata mwisho haukunisaidia. Mwenyekiti ni mama mmoja anaitwa Nashipae, ana shanga na miwani. Akanisalimu kwa Kimaasai, "Supa, kijana." Nikajua kuna jibu. Nikalitafuta. Nililitafuta hadi mzee aliyekaa kando yake akafunga faili. Mama akauliza mabomba yakifika pungufu nitafanya nini. Nikasikia sauti yangu ikisema tuyaache yapumzike. Akauliza mwizi akiingia stoo je. Nikawaza sana. Nilikuwa na jibu zuri kabisa, la hatua kwa hatua. Nilipofumbua macho chumba kilikuwa kitupu na mtu anafagia chini ya kiti changu.

Ondiek amepata kazi. Na nyumba.

Nimelia. Machozi nayo yalitoka polepole.

Jumapili, 10 Agosti

Usingizi umeniachia. Sasa naona mambo wazi, na kilichonifungua macho kimenishtua kuliko yote!

Ondiek alijua! Mwanamume gani anampa mwenzake firigisi bure? Firigisi! Alinipangia! Na kunigongea mlango ilikuwa makusudi, nifike, niaibike mbele ya watu. Alinibeba begani ili dunia nzima ione. Tumeishi mabati kwa mabati na sikujua naishi na mtu wa hila kiasi hicho. Nimekasirika hadi chafya zimerudi.

Mchana kaja, eti ana habari njema. Amemwendea mama Nashipae jana, akamwomba sana. Wanatafuta msaidizi wa stoo. Kuna chumba kimoja, kina jiko lake na madirisha mawili. Mama amekubali kunisikiliza tena Jumanne, kwa sababu ya Ondiek tu, na amesema ni mara ya mwisho. Ondiek akasema tutakuwa majirani tena, Lorine na Achola watapikiana.

Nikampigia Lorine, nikamsimulia yote, hata ile firigisi niliyopewa. Niliogopa atakata simu nikitaja chumba kimoja. Akasema sawa. Sawa! Amesema amechoka kumwonyesha mtoto picha. Chumba kimoja wataingia, mradi Jumanne nipate kazi. Kisha akasema nimsalimie Ondiek, na kwamba mtu anayetoa firigisi yake nimshike kwa mikono miwili. Sikuamini masikio yangu. Hata mke wangu ameshanaswa!

Lakini nimewaza. Msaidizi wa nini? Ondiek anaanza kazi Jumanne; mkubwa wa stoo akisinzia siku yake ya kwanza, si nafasi iko wazi? Na vyumba viwili viko wazi? Nimepitia kwa Hamda. Ameniuliza vile vingine vimeenda wapi. Nimemwambia aleji imezidi, akanipa vingine.

Jumanne alfajiri Ondiek atakunywa chai kwangu kabla hatujaondoka. Nimemwalika mwenyewe, na amefurahi sana, karibu alie. Nina vikombe viwili, vyote vya bluu. Sitasahau kipi ni kipi.