Garantii na Vifuniko Viwili

Mtu aliyeshindwa kuchagua ana dalili zake. Husoma bei, hurudi nyuma hatua mbili, hutazama picha, kisha hurudi kusoma bei tena, akitumaini imeshuka alipogeuka. Mkono mmoja huwa mfukoni, umeshika pochi isitoroke. Garantii alizijua dalili hizo vilivyo, na asubuhi ile alimwona mgonjwa wake katikati ya duka kubwa la vyombo vya umeme, amesimama kati ya runinga mbili, uso umemkunjamana.

Garantii hakuwa mfanyakazi wa duka lile. Aliingia kila siku kwa ajili ya kiyoyozi, na kwa kuwa pale ndipo watu walipokuja kuchanganyikiwa. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika. Mji mzima ulimwita Garantii, maana kila alichouza, kuanzia viatu hadi dawa ya panya, alikitolea garantii ya miaka mitano, ilhali yeye mwenyewe hakuwahi kukaa nyumba moja hata miaka miwili.

Mgonjwa alikuwa mwenye gesti, mzee mnene mwenye vyumba vinane na ndoto ya kuweka runinga nzuri katika kila kimoja. Alimwona Garantii ndani ya suti, akadhani ni mhudumu, akamwuliza kwa nini moja iuzwe mara tatu ya mwenzake na zote zinaonyesha samaki wale wale.

"Tofauti yake ni giza, mzee wangu," alisema Garantii, akishusha sauti. "Hii LCD ina taa kwa nyuma, na taa hiyo haizimiki yote. Ukiiambia ionyeshe usiku, inakuonyesha alfajiri. Hii OLED kila nukta inajiwasha na kujizima yenyewe. Ikisema nyeusi, ni nyeusi kweli."

Yote hayo yalikuwa kweli. Garantii hakupenda kudanganya mapema; uongo aliuweka akiba mpaka mteja akishalipa. Akamvuta mzee pembeni, akamwambia kwamba yeye anazo OLED kama hizo kwa nusu ya bei, zimetoka moja kwa moja kwa mwagizaji, na asimwamini kwa maneno, aje ajionee kwa macho yake. Wakapatana Alhamisi alasiri. OLED nane kwa mpigo! Garantii alitoka dukani akitembea kwa madaha, hata akasahau kwamba nje kulikuwa na joto.

Sasa tuieleze biashara yenyewe, maana ilikuwa na ufundi wake. Garantii alikodi chumba juu ya duka la matairi. Ndani, juu ya meza mbili, aliweka runinga mbili: LCD ya kampuni isiyojulikana hata na majirani wa kiwanda chake, na OLED moja ya kweli. Hiyo moja ndiyo iliyokuwa mtaji wake wote. Aliipata kwa njia ambayo hatutaichunguza, na akaitunza kuliko alivyowahi kumtunza mtu yeyote. Mteja aliingia, pazia likafungwa, runinga zote mbili zikaonyesha mshumaa mmoja ukiwaka gizani. Kwenye LCD, giza lilikuwa la kijivu kama maji ya kuoshea masufuria. Kwenye OLED, mshumaa ulisimama peke yake, na pembeni hapakuwa na kitu. Mteja alimeza mate, akalipa.

Akishalipa alipewa boksi la OLED, safi, lenye utepe wa plastiki uliozungushwa pande zote. Ndani ya boksi kulikuwa na LCD. "Utepe huu ukatwe nyumbani tu," Garantii alionya kila mara, kwa uso wa mtu anayesoma hukumu. "Ukikatwa njiani, garantii imekufa." Watu walifika nyumbani, wakaiwasha sebuleni kwenye mwanga wa mchana, wakaona picha nzuri sawasawa na pesa walizotoa. Mtu akishalipa sana, macho yake humsaidia muuzaji.

Yalikuwepo matatizo mawili tu. Mapazia yalichakaa, yakapitisha mstari wa jua. Halafu mteja mmoja aliwahi kurudi akiuliza kwa nini ile ya chumbani ilikuwa nyembamba kama kidole na ya kwake imenenepa. Garantii alimjibu kwamba ni unyevu wa nyumba, lakini usingizi ulimpungua. Kwa mwenye gesti hakutaka kubahatisha. Akamwita fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, ashone mapazia mazito, na vifuniko viwili vya runinga vyenye sponji nene pembeni, vya kufunguka kwa mbele tu, ili mteja aone kioo na asione unene.

Fundi alikuwa mama wa makamo, tepu shingoni, miwani imefungwa kamba. Alipima madirisha bila kuongea sana. Garantii, ambaye hakuweza kukaa na mtu bila kumwonyesha kitu, alimwashia mshumaa wake. Mama fundi akavua miwani, akavaa tena, akatoa ndani ya mkoba kipande cha mahameli nyeusi, akakishika ubavuni mwa ile OLED.

"Weusi mimi naujua, mwanangu," alisema. "Kitambaa cheusi hakinunuliwi juani. Unakipeleka gizani, huko ndiko kinakosema ukweli wake. Vingi ni kijivu kilichojikaza." Alitazama tena. "Lakini huu ndio weusi. Mahameli yangu imepauka."

Garantii alifurahi kama aliyesifiwa mtoto. Mama fundi akauliza kama wanaonunua wanapata weusi huo huo wakifika nyumbani. Akajibiwa kwamba garantii ni miaka mitano. Basi akaandika vipimo vyake, akauliza vifuniko viandikweje, Garantii akamwambia kimoja adarizi OLED kwa uzi wa dhahabu, kingine LCD kwa uzi mweupe, na mama akaondoka.

Alhamisi asubuhi alirudi na mzigo wake na mchukuzi wa kukodi. Alieleza kwamba kutundika mapazia kunahitaji meza zisogezwe na runinga zishushwe, na vumbi lilikuwa tele, si vizuri Garantii akae humo na suti yake. Garantii aliona maneno hayo yana busara. Isitoshe, alikuwa na miadi na kinyozi, na mtu hawezi kuuza runinga nane akiwa na ndevu za juzi. Kubeba na kushusha hakukuwa kazi yake hata siku moja. Mikono yake alisema ameitenga kwa ajili ya kuhesabu.

Aliporudi, kidevu kinang'aa, chumba kilikuwa kimebadilika. Mapazia yalifunga vizuri mpaka alijikwaa kwenye kizingiti. Runinga mbili zilisimama zimeegemezwa ukutani ndani ya vifuniko vyao vya sponji, zote nono, zote sawa, moja imeandikwa kwa dhahabu na moja kwa nyeupe. Garantii alipapasa herufi za dhahabu, akaridhika. Sifa alizimwaga mpaka mama fundi akainama.

Kisha mama fundi akaleta ombi. Alisema OLED ni kitu cha wenye uwezo, yeye LCD inamtosha. Ila boksi hataki, kwa kuwa boksi halionekani ndani. Anaitaka hii hii aliyoiona ikiwaka, pamoja na kifuniko chake, na pesa taslimu anazo.

Garantii alijizuia kucheka. LCD iliyokwisha kutumika, kwa bei ya mpya, na stoo zimejaa zingine! Alimpongeza kwa kujua kujinyima, akaandika risiti kwa mwandiko wa mbwembwe: *LCD moja ya mezani, imeuzwa. Mali ikitoka mlangoni hairudi.* Akasaini mara mbili.

"Na ile huduma ya kufungiwa ukutani bure?" aliuliza mama fundi.

"Bure kabisa, mama. Nakuja mwenyewe." Ndivyo alivyowaambia wote, na hakuwahi kwenda kwa yeyote. Mama fundi alimchorea njia ya kufika kwenye karatasi ya kukatia nguo. Mchukuzi akanyanyua mzigo wenye herufi nyeupe, wakateremka ngazi, na Garantii akawafungulia mlango kwa heshima zote. Halafu akamtoa mchukuzi mwingine chini kwenye matairi, akapandisha LCD nyingine kutoka stoo, na ile ya dhahabu ikawekwa juu ya meza yake.

Mwenye gesti alifika na pochi iliyovimba. Garantii alimketisha, akafunga pazia, akatoa hotuba fupi juu ya giza na heshima ya wageni wanaolala gesti. Akaiwasha LCD kwanza. Mshumaa ukawaka katika kijivu.

"Sasa, mzee wangu, tazama giza la kweli."

Akafungua kifuniko cha dhahabu. Mshumaa ukawaka katika kijivu.

Garantii alidhani pazia limeachia. Alilipapasa juu hadi chini. Halikuachia hata uzi. Alibonyeza rimoti, akazima, akawasha. Kijasho chembamba kikaanza kumtoka kwenye kidevu kile kile kilichonyolewa. Mwenye gesti alisogea karibu, akatazama hii, akatazama ile, akarudi kwenye hii.

"Tofauti iko wapi?" aliuliza.

Garantii aliinama nyuma ya meza. Alichomoa ile runinga ndani ya sponji. Ilikuwa nene vidole vinne. Hapo akaelewa yote kwa pamoja: mtaji wake wote ulikuwa umeteremka ngazi mchana kweupe, ndani ya kifuniko cha herufi nyeupe, na mlango aliufungua yeye.

"Kijana, umenishauri vizuri sana," alisema mwenye gesti, akisimama. "Kumbe ni kitu kile kile. Nitachukua LCD nane, kule kule dukani." Akampa mkono wa shukrani, akaenda zake.

Garantii alishuka na karatasi ya kukatia nguo mkononi, akikimbia na suti mitaani. Kichwani alijiandalia maneno: ni kosa dogo, mama, vifuniko vimepishana, tubadilishane tu. Nyumba aliyochorewa ilikuwa na mlango wa bluu, na uliposukumwa, ndani kulikuwa na giza. Mapazia yalifungwa. Mbele, juu ya kiti, OLED yake ilikuwa inaonyesha mshumaa. Karibu yake, sakafuni, ilisimama LCD nyingine na boksi lake, utepe umekatwa.

Kwenye kochi aliketi mwalimu mkuu mstaafu, na Garantii alimjua mara moja. Alimuuzia boksi hilo mwezi uliopita. Mwalimu alilipa kwa zawadi ya kustaafu aliyochangiwa na walimu wenzake, na siku ile alimshika Garantii mkono kwa furaha muda mrefu. Kando yake alikuwepo mkewe, na kando ya mkewe, tepu shingoni, mdogo wa huyo mke: mama fundi.

"Karibu, mwanangu," alisema mama fundi. "Umefika kweli, kama ulivyoahidi."

Garantii akaanza lile la kosa dogo. Alisema kilichochukuliwa si LCD bali ni OLED, na yeye ni mtu wa haki, hawezi kukaa kimya.

Mwalimu mkuu alimsikiliza hadi mwisho, kama alivyowasikiliza watoro kwa miaka thelathini. Kisha akanyoosha kidole kwenye runinga iliyowaka. "Basi tuambie vizuri, tuelewe. Kama hii ndiyo OLED, ile ya sakafuni, uliyonipa wewe kwenye boksi la OLED, ni nini?"

Mama fundi alitoa risiti mbili, yake ya LCD na ya shemeji ya OLED, akazilaza mezani chini ya mshumaa, zisomeke. Akaeleza bila haraka kwamba alipokuja kumsalimia dada yake, alimkuta shemeji anajisifia weusi wa runinga yake, akafunga pazia ahakikishe, akaona kijivu kilichojikaza. Hakumwambia shemeji siku ile; alimwonea huruma. Wiki iliyofuata akaitwa kushona vifuniko.

"Chagua wewe," alimaliza. "Ukisema hii ni OLED, tutakwenda wote kwa polisi na boksi hilo, ukawaeleze. Ukisema ni LCD, basi mali imetoka mlangoni. Haya, ni ipi?"

Garantii aliitazama runinga yake. Giza lake lilikuwa zuri mno.

"Hiyo," alisema kwa sauti ndogo, "ni LCD."

"Ahsante. Nami ile ya sakafuni naichukua nyumbani kwangu," alisema mama fundi. "Nilisema LCD inanitosha, na sikudanganya. Shemeji alilipia OLED, ameipata. Mimi nimelipia LCD, nimeipata. Sisi si wezi."

Mke wa mwalimu akaleta drili na skrubu. Hapakuwa na mchukuzi, na mwalimu mgongo wake ulikuwa mbovu. Basi Garantii akavua koti, akaikumbatia OLED kwa mikono yake mwenyewe, akaiinua, na kwa mara ya kwanza akaujua uzito wake. Mama fundi alisimama nyuma, jicho moja amelifumba, akimwelekeza: kushoto juu kidogo, hapana, kidogo tu, hapo hapo.

Njiani kurudi, koti begani, alipiga hesabu mara tatu, akitafuta alipopigwa. Alipokea pesa ya OLED moja, akatoa OLED moja. Alipokea pesa ya LCD moja, akatoa LCD moja. Hata kufunga ukutani alikoahidi, alifunga. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Garantii alikuwa amefanya biashara ya halali, na ilimuuma mpaka akakaa chini kando ya barabara.