Anwani ya Pili ya Redio Mlimau

Jumatatu, 9 Machi 2026. Makindye.

Mvua tangu alfajiri. Barua pepe kutoka Norwe. Muuguzi wa nyumba ya wazee anaandika, kwa adabu, kwamba Redio Mlimau haifunguki kwao. Mtandao wao unaikataa anwani yetu, zile namba zinazoonyesha seva yetu ilipo. Imo katika orodha ya wabaya! Mpangaji aliyetutangulia kwenye namba hizo alikuwa akituma barua taka za dawa ya kuotesha nywele. Yeye amehama. Sifa yake imebaki, nasi tumeirithi.

Mimi ni kipara. Hilo linauma zaidi.

Na Jumapili ndiyo siku ya kuzaliwa kwa Yaya Marie-Jeanne. Dada yangu mkubwa. Kwetu Uvira mkubwa wako ni yaya, hata mkizeeka wote. Nimemwahidi muuguzi kwamba saa tisa alasiri nitarusha kanda ya kwaya ya mwaka 1974, ambamo Yaya anaimba sauti ya kwanza. Siku hizi jina langu humtoka. Daktari wao anasema nyimbo ndizo huondoka mwisho. Basi nataka aisikie sauti yake angali anaijua kuwa ni yake.

Redio yetu ni ndogo. Seva ya kukodi, iko Ujerumani. Wasikilizaji ni watu wa mtaa wetu wa Uvira tu, waliotawanyika kama punje za mtama. Inahitaji anwani ya pili, safi, kabla ya Jumapili.

Nimempigia Wamalwa. Mkenya wa Bungoma, ana duka la mambo ya mtandao kule Ntinda. Ana anwani tano, na huzitaja kama mtu anavyotaja watoto waliosoma. Akasema, mzee wangu, ingia kwenye ukurasa wa kampuni, bonyeza "ongeza anwani", imeisha hiyo.

Imeisha! Asemaye hivyo amezaliwa na anwani. Mimi nimeomba anwani katika nchi tatu. Anwani haibonyezwi. Anwani inaombwa.

Jumanne, 10 Machi.

Nimeandika maombi. Nimeanza na kuzaliwa kwangu, kama inavyopasa. Kisha shule ya misheni, kisha maktaba niliyoitunza, kisha ile Oktoba ya vita tuliyovuka mto na viti viwili na kanda moja. Nimetaja mashahidi. Wawili ni marehemu, nimelieleza hilo pia.

Mbinu yangu: nimeomba anwani nane. Pale sokoni Kalerwe ukitaka mkungu mmoja wa matoke unaulizia bei ya mikungu mitano, unasikitika, unaondoka, unaitwa. Kampuni itapunguza hadi mbili. Nitanung'unika. Nitapokea.

Wakati naandika nilisimama kidogo dirishani. Mtaa wetu wa Uvira haukuwa na namba hata moja. Barua zangu zilifika hivi: kwa Guerschom, nyumba ya pili baada ya Kulusum mshonaji, yenye mlimau. Mtu wa posta alijua. Usiku upepo wa ziwa ulikuwa ukiangusha malimau juu ya bati, moja, kimya, halafu jingine. Sijui nani analala chini ya bati hilo sasa. Sijui kama huwa anaamka.

Nimetuma. Kurasa nne na picha ya pasipoti.

Jumatano, 11 Machi.

Wamejibu! Anayejibu hutia sahihi kwa herufi moja tu, K. Anashukuru kwa simulizi yangu na anaomba nieleze matumizi ya kiufundi ya anwani hizo.

Furaha kubwa. Huu ni usaili wa pili! Ninaijua njia hii. Kwanza wanakusikiliza, halafu wanakuuliza tena yale yale kwa maneno mengine, waone kama utajikanyaga. Sitajikanyaga. Sasa kinachotakiwa ni uthibitisho.

Nimeenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Oyat. Sajenti mstaafu, mtu wa Kitgum, Kiswahili chake cha jeshini. Nilimkuta anawafokea bata. Nikamwomba barua ya ukaazi. Akasema, mzee, wewe na mimi tunajuana, barua ya nini? Nikamwambia si yangu, ni ya seva.

Akauliza huyo Seva ni mpangaji wa nani. Nikamweleza ni mashine. Akauliza inalala wapi. Ujerumani. Akasema, "Mzee, hiyo si kijiji yangu." Nikafafanua kwamba kwa hakika iko katika wingu. Akasema mambo ya angani ni ya uwanja wa ndege wa Entebbe, yeye ni wa Makindye tu.

Ila Oyat ana moyo. Aliniuliza kama huyo Seva amewahi kuleta fujo. Nikakiri kwamba aliyekaa pale kabla yake alileta. Akauliza huyu wa sasa je. Nikasema huyu huimba tu. Akapumulia muhuri, akagonga. "Anajulikana kwangu kama mkazi mtulivu." Muhuri wa zambarau, umekaa sawasawa, si upande. Nikaupiga picha nikautuma Ujerumani kabla wino haujakauka.

Wamalwa kapiga kuuliza kama nimebonyeza. Nikamwambia mambo yako katika ngazi za juu.

Alhamisi, 12 Machi.

K. anashukuru kwa barua. Anasema ni ya kwanza ya aina yake kuipokea. (Naam!) Kisha anaandika mambo mawili. La kwanza: anwani nane zitapelekwa kwa wakaguzi, nao huchukua hadi siku kumi za kazi. La pili: anwani moja ya nyongeza ninaweza kujiongezea mwenyewe papo hapo, kwa kitufe, bila barua yoyote.

Nimeisoma mara nyingi. Ni mtego. Kwenye kambi ya wakimbizi walikuja watu na maturubai. Waliopokea turubai wakaandikwa kuwa wamepata makazi, na orodha ya nyumba ikawapita. Mimi sikupokea. Nililoweshwa na mvua msimu mzima, lakini jina langu lilibaki kwenye orodha.

Nyumba haikuja pia. Lakini jina lilibaki.

Wamalwa kaja mwenyewe, na mkewe Vera, na kuku wa kuchoma. Akasema nisipotaka kubonyeza, basi apitishe redio yetu kwenye seva yake, kwa moja ya anwani zake tano. Ananikopesha hadi wiki ijayo. Alisema hivyo akinyonya mfupa.

Redio Mlimau ikae chumba cha uani kwa Wamalwa! Mpangaji wa mpangaji! Nikamjibu kwamba tunashukuru ila tunasubiri mamlaka. Vera akacheka mpaka akaweka sahani chini. Akauliza, baba, kwani wewe unataka anwani au unataka kuhojiwa?

Swali la utovu wa adabu. Kuku alikuwa mzuri.

Ijumaa, 13 Machi.

Kimya kutoka kwa K. Nimeketi na kinasa sauti mapajani. Kanda ile inaanza na mkwaruzo, kisha kikohozi, kisha Yaya. Kikohozi ni changu. Mimi ndiye niliyeshika mashine. Sauti yake inapanda polepole kama mtu anayefungua mapazia nyumba nzima, chumba kimoja baada ya kingine. Nilisinzia. Nikaota anwani zinaruka juu ya ziwa kama yangeyange, nyeupe, safi, kila moja ikitafuta paa la kutua.

Nikaamka. Umeme umekatika. Muuguzi ameandika: Marie-Jeanne ameambiwa kuhusu Jumapili, amechagua kitambaa cha kichwa.

Kitambaa cha kichwa! Siku kumi za kazi!

Jumamosi, 14 Machi.

Nimebonyeza. Hakuna atakayejua.

Nilifunga mlango kwanza. Kitufe ni cha buluu. Kabla maji ya chai hayajachemka anwani ilikuwa pale, namba mpya, zimenyooka, hazijawahi kumuuzia mtu dawa ya nywele. Niliikagua katika ile orodha ya wabaya. Haimo.

Nilidhani nitashangilia. Niliketi tu. Sikuulizwa jina la baba. Sikuulizwa nilitoka lini na kwa nini. Miaka yote hii ninabeba majibu kamili, yamepangwa vizuri, na mlango umefunguka kwa mtu asiye na swali lolote. Nilihisi kama mgeni aliyefika na zawadi akakuta wenyeji wamelala.

Chai ikapoa.

Kisha nikagundua redio haisikiki kwenye anwani mpya. Kumbe kampuni inakupa anwani, lakini seva yenyewe haijaambiwa. Umepewa nyumba, hujahamia. Lazima uiandike ndani ya seva kwa mkono wako. Maelezo ya kampuni yanasema iongezwe chini ya ile ya kwanza.

Chini ya ile ya kwanza! Nimweke bibi harusi chumba kimoja na mwizi? Nikafuta ile ya zamani yote, namba zake zote, kwa raha ambayo sijaionja tangu nihamie Makindye. Nikaandika mpya peke yake. Nikaamuru seva ianze upya.

Seva haijarudi.

Nimebisha kwa anwani mpya: kimya. Kwa ya zamani: kimya. Seva iko Ujerumani, nzima, nakala ya kanda ya Yaya imo ndani, na hakuna njia ya kuifikia. Nimejifungia nje kutoka bara jingine.

Jumapili, 15 Machi.

Asubuhi nzima nimempigia Wamalwa. Simu imezimwa, yuko kanisani. Nikapanda boda hadi Ntinda. Nilimkuta mstari wa pili, na suti, anaimba. Nikajipenyeza kando yake. Nikamnong'oneza kwamba kumetokea hitilafu ndogo katika ngazi za juu. Akanong'ona, mzee wangu, umefuta ya zamani? Nikauliza amejuaje. Akasema kila mtu hufuta ya zamani, hata yeye alifuta, ndiyo maana anazo tano na hazigusi. Mama wa mbele akageuka akatutazama. Tukaimba ubeti.

Dukani kwake aliingia kupitia mlango ambao sikujua upo; kampuni humwekea mwenye seva dirisha la dharura kwenye ule ukurasa wake. Akairudisha anwani ya zamani mahali pake, akaiweka mpya chini yake. Kazi ya kupepesa jicho. Akasema ile mpya haina barabara yake. Inapita kwa ya zamani. Ukiivunja ya zamani, mpya inabaki hewani. Alisema bila kejeli. Nilisubiri kejeli, haikuja. Ni mbaya zaidi isipokuja.

Saa tisa. Muuguzi alitupigia kwa video ili tumwone Yaya akisikiliza. Kitambaa cha kichwa cha manjano. Alikuwa anatazama dirisha, kwao theluji bado ipo. Redio ikafunguka kwa anwani mpya. Mkwaruzo. Kikohozi.

Yaya akageuza kichwa kabla hata wimbo haujaanza. Akasema kwa Kiswahili cha mtaani kwetu, kwa ukali, sawa na siku ile ya kurekodi, "Guerschom! Toka nje na hicho kikohozi chako, tunaanza!"

Kisha akaanza. Hakukosa neno.

Mimi nilitoka nje. Nilisimama mbele ya duka la Wamalwa katika msongamano wote wa Ntinda, kama nilivyoamriwa. Vera akaniletea kiti.

Jumatatu, 16 Machi.

K. kajibu. Anwani nane zimekataliwa. Lakini! Anasema seva yangu tangu mwanzo imekuwa na anwani za aina mpya, zile ndefu, zinazotolewa bure pamoja na seva, bila maombi. Ni bilioni kumi na nane, mara bilioni. Watu wote nilionao kichwani, nikimpa kila mmoja yake, hawajazi hata mlango wa kwanza.

Wamalwa ana tano.

Nimeanza kugawa, nikiziandika moja moja ndani ya seva. Ya kwanza: Kulusum mshonaji. Ya pili: sisi, penye mlimau. Ya tatu: mtu wa posta, ambaye hakuwahi kuuliza namba. Nimempa mlimau wenyewe moja. Nimelipa kila limau moja. Nimeukumbuka mtaa nyumba kwa nyumba hadi ziwani, na bado zimebaki za kuyatosha mawimbi.

Ila nilipotazama, juu kabisa ya orodha hiyo nzuri, juu ya Kulusum, juu yetu sote, ilikuwa imekaa ile anwani ya dawa ya nywele. Wamalwa alisema nisiiguse. Lakini Wamalwa alikuwa akizungumzia nyumba mbili. Huu sasa ni mtaa mzima, na mtaa hauwezi kuanza na mtu kama yule.

Nimeifuta.

Seva haijarudi.

Sitamsumbua Wamalwa. Kesho mapema, kabla Oyat hajafungulia bata wake, nitakuwa kwake. Safari hii nitaomba barua ya watu wote wa mtaa, na mihuri miwili.