Nafsi Yangu Inaujua Wimbo

Jumatatu, mwanzo wa mwezi wa Thargelioni, Athene
Msiba! Mkwe Fainipo kamchukua mke wangu Arkhipe, kamrudisha kwao. Eti hakumwoza binti yake kwa mtu wa kufikiri tu. Alhamisi kuna karamu kwake. Tawi la mhadasi, linalopitishwa mezani toka mwimbaji hadi mwimbaji, likinifikia, niendeleze wimbo wa ukoo pale alipoachia aliyeketi jirani yangu. Nikiweza, namchukua mke. Nikishindwa, talaka. Nyumba imepooza. Hata dengu nimeunguza.

Jumanne
Bahati! Sokoni mwalimu mmoja kasema nafsi ilijua kila kitu kabla hatujazaliwa. Kujifunza ni kukumbuka tu. Kumbe wimbo ninao! Jioni shemeji Dromoni kaniletea kibao cha nta. Arkhipe kamtuma aniandikie beti zote, nami nizikariri, tena kwa sauti. Maskini mke wangu, hajui falsafa. Nta yenyewe laini ajabu. Nimezifuta beti, ndipo naandika haya.

Jumatano
Nimelala kutwa, nisiichoshe nafsi. Dromoni kapita kuniuliza ubeti wa kwanza unaanzaje. Nikamsifu: nafsi hukumbuka ikiulizwa. Kasema debe tupu haliachi kuvuma. Wivu huo! Nimemkumbuka Arkhipe. Hilo sikuhitaji kuulizwa na mtu.

Ijumaa
Jana tawi likanifikia. Nikafumba macho, nikaiambia nafsi, haya. Kimya. Nikaiuliza kwa upole. Kimya! Dromoni kacheka mpaka divai ikamtoka puani. Mkwe akakohoa, akaanza kutamka lile neno la talaka.

Mara nyuma ya pazia la wanawake ikasikika sauti ikiimba ubeti wangu, wote, bila kukosea. Arkhipe! Mbele ya wageni! Baba yake akafoka, nani kamruhusu. Akajibu kwamba mume wake hupoteza kila kitu, na asipomwokotea yeye, nani atamwokotea? Ukumbi ukaangua kicheko, mkwe naye. Kaniambia nimchukue, maana bila yeye hata mlango sitauona. Nililia, sifichi.

Njiani kaniuliza kibao kiko wapi. Nikausifu mwezi.

Basi mwalimu alisema kweli! Wimbo niliujua, ila ulikuwa umehifadhiwa kwa Arkhipe. Kesho nakwenda bandarini Pirei, wanatafuta nahodha. Usukani sijaugusa tangu nizaliwe. Lakini kabla ya hapo, lazima niliugusa.