Tangi la Asiyetaka Kutajwa

Jumatatu, 3 Juni

Haiwezekani! Shemeji Godoro ameandikwa ukutani!

Huyu ni kaka wa mke wangu, muuza magodoro, mtu ambaye tangu azaliwe hajafanya lolote la kusimuliwa. Leo dada yangu kaja na habari mdomoni hata viatu hajavua: Godoro ametoa magodoro kumi na mawili kwa wazee wasiojiweza, kupitia Mfuko wa Jamii, ile ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la dawa. Jina lake liko kwenye ubao wa shukrani koridoni. Rangi ya dhahabu! Mke wangu akatabasamu hadi jino la mwisho. Nikawakumbusha kwamba mimi niliwahi kufukuza mbwa watano kwa kandambili moja. Dada yangu akasema mwaka jana walikuwa watatu. Watatu ni waliokimbilia mbele! Wawili walikimbilia nyuma. Nani aliniandika ukutani?

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda mwenyewe kwenye huo Mfuko. Katibu ni mama wa miwani, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Kanieleza kazi yao polepole kama ninaanza chekechea. Mtu anakuja na alicho nacho: fedha, kitu, hata siku zake mbili za kupaka rangi. Wao wanajua nani mtaani ana shida gani. Wanawakutanisha, kisha wanafuatilia kama kitu kimefika na kinatumika. Nikamwambia hayo nayajua tangu darasa la nne. (Ndilo nililoishia.)

Akafungua daftari. Wodi ya wazazi pale zahanati, bomba linatoa maji siku mbili kwa wiki. Wanatafuta tangi.

Tangi! Ninalo uani. Jeusi, zima, lita elfu moja. Magodoro kumi na mawili ni nini mbele ya lita elfu moja? Yenyewe yanalowana!

Akauliza kama nyumbani wameafiki. Nikasema mke wangu ndiye aliyenisukuma. Mke wangu wakati huo alikuwa sokoni kwenye meza yake ya nyanya, hana habari.

Kisha akauliza jina liandikweje ubaoni. Hapo nikaonyesha malezi. Nikainamisha kichwa: aa, mama, mimi ni nani, mimi sina makuu, jina la nini. Kila mtu aliyelelewa anajua hapo unabembelezwa. Unakataa mara ya kwanza, unasihiwa. Unakataa ya pili, unashikwa mkono. Ya tatu unakubali shingo upande. Hata chakula ugenini huliwa hivyo.

Yeye akavua miwani, akafuta macho, akasema watu kama mimi wamebaki wachache. Akaandika kitu. Nikasaini. Nadhani kubembelezwa ni kesho.

Jumatano, 5 Juni

Lori lilichukua tangi saa tatu asubuhi. Mke wangu aliporudi akauliza hiyo alama ya duara uani ni ya nini. Nikasema tangi limeenda kwa fundi, linavuja. Akasema mbona halijawahi kuvuja. Nikamwambia linavuja kwa ndani. Akachukua ndoo mbili, akaenda kupanga foleni kwenye bomba la jirani.

Alasiri nikaenda kujisoma. Mchora mabango alikuwa bado juu ya ngazi, brashi mkononi. Chini ya Godoro, rangi haijakauka: "Tangi la maji, wodi ya wazazi. Mfadhili asiyetaka kutajwa."

Asiyetaka! Nani kasema hataki? Alibembelezwa lini akakataa?

Katibu akaninong'oneza nisiwe na wasiwasi, siri yangu iko salama, hata mumewe hajamwambia. Nikasema afute. Akasema hakuna shida: fomu mpya, nisaini mimi na mke wangu, kwa kuwa nilisema yeye ndiye aliyenisukuma. Aje naye tu.

Nikasema nitalifikiria. Aliyesema tenda wema nenda zako hakuwa na shemeji.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeamua siri itoboke yenyewe. Nikaenda kwa kinyozi, ambako siri hazilali. Kichwa kikiwa na povu nikatamka, kama ninaongea na kioo, kwamba wapo watu mtaani hapa wanatoa matangi na hawasemi. Kinyozi akasema ni kweli, Mjomba, na wote tunamjua ni nani.

Moyo ukaniruka. Nikainama kwa unyenyekevu. Nusura anikate sikio.

Akasema ni Godoro!

Eti aliyetoa magodoro ndiye mwenye moyo wa kutoa tangi, na mara ya pili kaona aibu kujitaja tena. Nikaruka kitini. Nikasema ni mimi! Kinyozi akacheka, wateja wakacheka, mmoja akauliza tangi nililileta kwa mkono mmoja na ule mwingine ulikuwa unafukuza mbwa saba? Ni watano! Nimesema watano siku zote!

Mara Godoro mwenyewe akapita nje na baiskeli. Wakamwita, wakamsifu. Akashangaa, akaapa hajatoa tangi lolote. Kinyozi akageuka, akaniambia nimeona sasa, hivyo ndivyo mtu mwenye adabu anavyokataa.

Nilirudi nyumbani nusu kichwa nimenyolewa.

Ijumaa, 7 Juni

Maafa. Jana wodini kazaliwa mtoto wa kiume, wa kwanza kuogeshwa kwa maji ya tangi. Mama yake kasema atampa jina la mfadhili. Wakamuuliza katibu. Katibu kafunga mdomo kama kaburi. Basi wakamuuliza kinyozi! Mtoto anaandikishwa kwa jina la Godoro.

Mwanadamu mzima! Ubao unapakwa chokaa, lakini huyu ataishi miaka themanini akiitika jina la shemeji, akishiba maji yangu!

Mke wangu kapita na ndoo ya sita leo. Kauliza fundi anasemaje. Nimesema fundi ana homa. Kasema nimpe pole.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemwambia. Nilitegemea makelele, nimejiandaa kwa makelele. Hakupiga. Alisugua sufuria hadi mwisho, akalifunika, akasema: Baba watoto, tangi lile nililinunua kwa nyanya. Miaka miwili ya nyanya. Vaa viatu.

Ofisini akauliza kama kitu kilichotolewa kinarudi. Katibu akapauka. Akasema kama hakuridhia, basi zawadi haikuwa halali, lori litalirudisha leo hii, ila kwanza aende akalione lilipo. Tukaenda zahanati sote watatu.

Kulikuwa na wanawake wanne uani wanafua vitambaa vya watoto. Mmoja, mwenye tumbo la leo au kesho, alikuwa ameegemeza shavu kwenye tangi kwa ajili ya ubaridi. Mke wangu alifungua koki, akanawa mikono, taratibu, kama ana siku nzima. Mimi nikakohoa ili wajue nipo. Hakuna aliyegeuka.

Akasema libaki. Akasema na ndoo atabeba mume wake, mpaka Mungu atakapoleta jingine.

Fomu ikaletwa. Akashika kalamu yeye. Ubaoni sasa pameandikwa jina lake lote, majina matatu, na mwishoni, kwa brashi nyembamba: "na mumewe".

Na mumewe! Kama mzigo uliosahaulika kwenye lori!

Nikakimbilia kwa mama wa mtoto kuokoa kinachookoleka. Nimechelewa: cheti kimeshaandikwa. Ila akasema kwa jina la utani watamwita Tangi. Nikamwambia mke wangu basi nusu ya mtoto ni yangu. Akasema tangi lilikuwa la nani?

Jumapili, 9 Juni

Ndugu wamejaa nyumbani kumpongeza. Dada yangu mwenyewe, damu yangu, kasema kutoa kuko kwenye ukoo wao: kaka magodoro, dada tangi! Godoro kanishika bega, akasema, shemeji, umeoa vizuri. Nimekunywa chai uani peke yangu, karibu na ile duara. Mabega yanawaka kwa ndoo nane.

Lakini mchora mabango kaniambia jambo. Maktaba ya shule inatafuta kabati, vitabu vimelala sakafuni. Sisi chumbani tunalo: milango mitatu, kioo kizima cha kati. Na Alhamisi mke wangu anasafiri kwa mdogo wake, siku nne.

Nguo zake zitakaa upande wangu wa kitanda, pana nafasi. Na safari hii sikatai hata mara moja. Nitaingia ofisini na jina nimeliandika mwenyewe kwenye karatasi, herufi za ukubwa wa kandambili.

Mke wangu akirudi akiuliza kabati liko wapi, nitamwambia lina mchwa. Wa ndani.