Azimio Kuhusu Uso wa Meya wa Ormsdale

Katika mwaka wa thelathini wa Malkia Viktoria, wakazi wote wa mji wa Ormsdale, waungwana pamoja na wengineo, walitangaziwa kwa kengele na kwa bango kwamba Mstahiki Meya Septimus Gaunt, akiwa hai na mwenye hamu nzuri ya chakula, amekubali kuchongewa sanamu ya marumaru, baada ya kujisihi mwenyewe katika vikao vitatu mfululizo.

Ikaundwa Kamati Kuu ya Sanamu. Chini yake ikaundwa Kamati Ndogo ya Suruali, maana hakuna mji wenye akili zake unaokurupuka katika suala la suruali. Kamati Ndogo ilikaa miezi mitano. Taarifa yake ya kurasa sitini ilisema Meya avae suruali, wala si shuka la Kirumi, ila suruali hiyo isiwe na mikunjo. Mkunjo humaanisha goti, goti humaanisha mguu, na wake za wachungaji hupita uwanjani pale kila Jumapili. Sasa hapo mtu atabisha nini?

Kazi akapewa mzee Jabez Thorley. Huyu alianza utotoni kuchonga malaika wa makaburini kwenye karakana ya baba yake. Akapelekwa Roma mwaka mmoja, akarudi na homa na kofia. Tangu hapo, miaka arobaini, alikuwa amechonga waheshimiwa kumi na tisa wa miji ile ya viwanda, na wote kumi na tisa walitoka na uso mmoja, ule uso wa kiserikali: hauna makunyanzi, hauna chunjua, hauna wasiwasi. Hakuwa mchongaji mbovu, msimwonee. Kamati ndizo zilizokuwa zikifuta alama hizo. Mwaka juzi binti wa marehemu mmoja alisafiri kutoka mbali kuja kuweka maua kwenye sanamu ya baba yake, akayaweka kwenye ile ya mwenye kiwanda cha sabuni, akalia pale nusu saa nzima. Thorley alimwona, akakosa ujasiri wa kumwambia. Jambo lile lilimuuma, na halikupoa.

Sasa mikono ilikuwa imeanza kutetemeka.

"Hili ndilo jiwe langu la mwisho, Bi Keziah," alimwambia mjane aliyekuja kila siku kulowesha vitambaa vya kufunikia udongo wa mfano, ule unaofinyangwa kabla ya kuchonga jiwe, usije ukakauka na kupasuka. "Kabla mikono haijaniaga, nataka nichonge uso mmoja wa kweli. Mmoja tu. Mtu apite aseme, huyu namjua."

"Na umepata mtu wa kweli kwelikweli," alisema Keziah Ollen, akikamua kitambaa. "Gaunt! Yule hata kivuli chake kinadanganya."

Kamati ilikuja kukagua kila Jumanne.

"Kidevu hiki cha nani?" aliuliza Meya, akiuzunguka udongo.

"Chako, Mstahiki."

"Changu? Mbona kidogo hivi?"

"Ndicho ulichokuja nacho asubuhi hii."

"Wee mzee, mimi si wa kutaniwa!"

Katibu wa mji, Bwana Pym, mtu mwembamba aliyependa utaratibu kuliko chai, akashauri kidevu kipigiwe kura. Kikapita kidevu kikubwa, sita kwa wawili. Jumanne iliyofuata paji la uso likapandishwa inchi moja. Jumanne nyingine wajumbe wawili wakataka pua ifanane na zao, wakatwangana miavuli mpaka wakatenganishwa na mchungaji.

"Pua inapigiwa kura?" alinong'ona Keziah. "Jamani, mimi yangu nilipewa tu."

"Nyamaza, mama, wasije wakakuundia kamati."

Miezi kumi na minne ikaisha hivyo. Mwili ulishakamilika kwenye marumaru: koti, mkufu wa cheo, suruali isiyo na magoti. Juu ya mabega palikuwa na bonge la jiwe tu, na Lodi mmoja, bwana mkubwa kutoka kusini, alishaalikwa kuja kuzindua. Ndipo Bwana Pym, ili ubishi wa uso ukome, akaandika Azimio Namba Thelathini na Moja, ambalo kwa kweli ni andiko safi: tangu leo mjumbe yeyote asiutazame uso hadi kitambaa kivutwe, na uso wowote utakaoonekana unathibitishwa mapema, kwa kura, kuwa mfano halisi, kamili na wa kudumu wa Mstahiki Meya.

"Ongeza," alisema Meya, aliyeijua midomo ya watu wa Ormsdale. "Atakayesema sanamu si mimi, awe nani awe nani, avuliwe cheo siku hiyo hiyo. Sitaki kuchekwa."

Likapita bila kupingwa. Na katika mji ule jambo likishapita kikaoni limekuwa kweli, hata macho yakisema vingine.

Thorley alisoma nakala yake mara mbili. Kisha akaufunga mlango kwa komeo.

"Kaa pale dirishani, Bi Keziah. Usitikisike."

"Mimi? Baba wee, una homa?"

"Kaa."

"Utanitia aibu bure. Pua yenyewe hii ilipigwa na mkanda wa mashine nikiwa msichana."

"Hiyo hiyo ndiyo ninayoitaka."

Siku kumi na moja alichonga, na kila siku aliogopa. Akiharibu, hakuna jiwe jingine wala mkono mwingine. Alipofika kwenye macho patasi ilicheza vibaya mno, hata Keziah akainuka, akafuta mikono kwenye aproni, akamshika kiwiko. Jicho la kushoto walilichonga wawili.

Siku ya uzinduzi Lodi alishuka kwenye garimoshi akiwa amechelewa, akapelekwa moja kwa moja uwanjani kabla ya kutambulishwa kwa mtu yeyote. Bendi ikapiga. Gaunt mwenyewe akavuta kamba.

Kitambaa kikaanguka, na tarumbeta zikanyamaza moja baada ya nyingine. Juu ya mkufu wa Meya alikuwa Keziah Ollen, na pua yake iliyopinda na makunyanzi yake yote, akimtazama Lodi kama anayemuuliza alikuwa wapi.

"Huyu ndiye Meya?" aliuliza Lodi.

Gaunt akafungua mdomo.

"Mstahiki," alinong'ona Pym, "kile kipengele. Ulikiongeza mwenyewe."

Gaunt akamgeukia Lodi. "Ndiye," alisema. "Amefanana mno."

"Haa!" alipiga kelele mwanamke mmoja wa kiwandani. "Si Keziah huyo! Keziah wa Mtaa wa Chini!"

"Ndiye! Angalieni pua!"

Nyuma ya bendi, Thorley aliyasikia. Akaketi kwenye ngazi, akalia kwa furaha mbele za watu bila kujificha.

Lodi naye alifuata vidole vya watu, akauona uso ule ule katikati ya umati. Akashuka jukwaani, akavua kofia, akampa Keziah mkono.

"Mstahiki Meya, mbona unajificha? Hongera sana. Twende tukale."

Keziah akamwangalia Thorley. Mzee akamwitikia kwa kichwa: nenda. Akaenda. Gaunt alifuata nyuma yao kimya, kwa kuwa neno moja tu lingemvua mkufu.

Mezani, Lodi alimwomba Meya aseme machache.

"Sina maneno mengi," alisema Keziah. "Bomba la maji la Mtaa wa Chini mmelitia kufuli tangu Pasaka, eti wanawake wakipanga foleni wanaharibu sura ya mji. Watoto wanakunywa maji ya mtoni. Lifunguliwe."

Pym alichovya kalamu. Utaratibu ni utaratibu: uso ule ulishapitishwa kwa kura kuwa wa Meya. "Meya amependekeza. Nani anaunga mkono?"

Wajumbe wote wakamgeukia Gaunt. Alitokwa na jasho mpaka kola ikalegea. Halafu mkono wake ukapanda, wa kwanza kabisa, na mingine yote ikaufuata.

Bomba lilifunguliwa kabla ya pudini kufika mezani. Kumbukumbu za kikao zinaeleza kwamba katika miaka yake tisa madarakani, Mstahiki Meya hakuwahi kusema jambo la maana isipokuwa siku ile.