Bia ya Mzee Wojtas

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwisha! Mzee Wojtas, babake mpenzi wangu Renata, ametualika uwanjani Jumamosi. Besiboli, soseji ndani ya mkate, bia. Kwake yeye, mwanamume asiyekunywa bia hapa Milwaukee ana lake jambo. Na mimi nikionja ngano tu, au shayiri inayotengenezwa bia, tumbo linanifungia chooni. Renata hajui. Nataka kumposa binti wa watu. Nitaanzaje na habari za choo?

Ijumaa, 7 Juni
Mpango tayari. Uwanjani kuna kibanda cha vyakula visivyo na ngano. Nitachomoka, ninunue pombe ya tufaha, niimimine kwenye kikombe cha bia. Rangi ile ile. Nani atajua? Nitakaa kiti cha pembeni, karibu na choo, kwa tahadhari.

Jumamosi, 8 Juni
Balaa! Kiti cha pembeni ndicho daraja la safu nzima. Mchuuzi ananikabidhi soseji, napitisha. Bia, napitisha. Makombo ya mkate yakanijaa mapajani, nami nimebana pumzi kama mtu apitaye jalalani. Kibanda nacho foleni mpaka kesho! Nikarudi mikono mitupu. Mzee akaniambia, kijana, hebu nishikie bia nifunge kiatu. Nikaishika kwa ncha za vidole. Mara mpira huo, unanijia usoni! Nikajikinga na kikombe. Chubwi! Ukatumbukia ndani.

Watu wakainuka. Mila ni mila: mpira ukiingia kikombeni mwako, unakunywa yote. Uwanja mzima ukanguruma, kunywa! kunywa! Sura yangu ile kwenye skrini kubwa, nyeupe pe. Mzee akanipiga mgongoni, akasema haya mwanangu, usitutie aibu. Renata anapiga makofi. Niliogopa kufa, nikaogopa zaidi kumkosa. Nikanywa. Yote.

Jumatatu, 10 Juni
Ndiyo kwanza natoka chooni. Renata alikuwa nje ya mlango tangu jana, macho mekundu. Akasema niambie tu una nini, mimi siendi popote. Nafasi ndiyo hiyo ya kusema kweli! Nikamwambia ni mshtuko wa mpira.

Mzee akapiga simu, sauti imejaa huruma. Besiboli basi, mwanangu, usiogope tena. Jumapili njooni nyumbani, mama Renata atatupikia pierogi, viandazi vya kuchemsha vya kwetu Polandi, unga wa ngano mtupu, anaukanda mwenyewe. Akauliza, unazipenda? Nikasema nazila kumi na mbili bila kupumua.

Nimeshaagiza koti lenye mifuko mikubwa, ya kuficha zote kumi na mbili.